Mkunga wa Hargeisa na Mfuko Wetu wa Sherehe

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, mkunga mstaafu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa)



Nilipoletewa barua ya Bwana Katibu nikiombwa kusema machache juu ya afya ya mama na mtoto, nilidhani nitasema habari za chakula bora, na chanjo, na faida ya kwenda kliniki mapema. Hayo nimekwisha kuyasema mbele yenu mara nyingi, na naona wengi mmeyashika. Lakini nilipofungua taarifa ya Mweka Hazina, ambayo kila mmoja wenu anayo mkononi, macho yangu yalisimama penye mstari mmoja ulioandikwa "Sherehe za watoto". Chama hutoa mchango mtoto wa mwanachama anapotahiriwa. Ni desturi njema, nami nimechanga tangu nilipojiunga. Walakini mstari ule hausemi ni mtoto gani, wa kiume ama wa kike, na katika miaka yote hii hapana aliyeuliza. Basi leo naomba ruhusa ya wazee niulize mimi.

Najua ni neno zito kusemwa na mwanamke mbele ya wanaume, tena wakwe na mashemeji wamo humu ndani. Nitalisema kwa adabu, lakini nitalisema kwa jina lake. Nasema juu ya ukeketaji wa wasichana. Sisi tumezoea kuuita tohara, kama ile ya wavulana, na kwa jina hilo moja tumejidanganya kwamba ni jambo moja. Mvulana huondolewa ngozi, na kiungo chake hubaki kizima. Msichana hukatwa kiungo chenyewe. Mtu aliyefanya kazi katika wodi ya wazazi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, kama mimi, hawezi kuyachanganya mambo hayo mawili.

Nataka kuanza mbali kidogo na nyumbani, katika mji wa Hargeisa, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa mkunga mmoja ambaye habari zake ziliponifikia zilinitia aibu.

Edna Adan Ismail alizaliwa Hargeisa mwaka wa 1937, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa daktari, mtu aliyependa elimu hata akataka binti yake asome wakati ambapo mjini hapakuwa na shule ya wasichana. Edna alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, baba alikuwa safarini kwa kazi yake. Mama na nyanya wakamwita ngariba. Hawakufanya hivyo kwa kumchukia mtoto, la sha. Walifanya kama walivyofanyiwa wao, na waliona ni wajibu wa kila mama mwema. Baba aliporudi na kukuta jambo limekwisha, alishikwa na huzuni na hasira kubwa. Edna mwenyewe amesimulia kwamba huzuni ile ya baba ndiyo iliyomjulisha kuwa alilofanyiwa halikuwa haki. Naomba wazee waishike habari ya baba huyo, kwa maana nitairudia.

Mwaka wa 1954 msichana yule alikwenda Uingereza kusomea uuguzi na ukunga, akarudi kwao mwaka wa 1961 akiwa mwanamke wa kwanza wa Kisomali mwenye cheti cha kazi hiyo. Mumewe, Mohamed Ibrahim Egal, alipata kuwa Waziri Mkuu wa Somalia mwaka wa 1967; kisha jeshi likapindua serikali mwaka wa 1969, na Egal akatiwa gerezani. Nayataja hayo kwa haraka, ili mjue kwamba huyu si mtu aliyekosa sababu za kunyamaza. Alikuwa na jina la kulinda, na maadui wa kuogopa.

Mwaka wa 1976, akiwa ofisa wa Wizara ya Afya huko Mogadishu, alisimama hadharani akasema juu ya ukeketaji. Mnajua jinsi Wasomali wengi walivyokuwa wakifanya: mtoto hukatwa, kisha hushonwa, kwa ule mtindo waitao wa Kifirauni, akaachiwa tundu dogo tu. Neno hilo halikutajwa mbele ya watu, achilia mbali mbele ya wakubwa wa serikali. Yeye alilitaja. Alisema kama mkunga aliyeona yanayotukia wakati wa kuzaa, na alisema kama mtu ambaye yeye mwenyewe alitendewa. Naona nguvu yake ilikuwa hapo. Daktari mgeni akisema, watu humjibu kwamba hajui mila. Mwanamke mwenye kovu hawezi kuambiwa hajui.

Wanachama wenzangu, mwaka huo wa 1976 mimi nilikuwa mkunga kijana, nina cheti changu kipya, na umri wangu ulikuwa miaka 24. Nilikuwa nimekatwa mwaka wa 1965. Niliyajua yote aliyoyajua yeye. Nilikuwa nimekwisha kuona wazazi wa mara ya kwanza wakihangaika kutwa na usiku kucha kwa sababu kovu halitanuki kama mwili mzima unavyotanuka. Nikaona jinsi wanavyochanika, na jinsi damu inavyokataa kukoma. Katika daftari nikaandika "uchungu wa muda mrefu", nikaandika "kutokwa na damu". Sababu yake sikuiandika hata mara moja. Nilinyamaza, na cheti ukutani.

Tena nilifanya vibaya kuliko kunyamaza. Mwaka wa 1983 nilikwenda nyumbani likizo ya Desemba, na ngariba wa kijiji chetu, mama mzee aliyenikata mimi, akanijia usiku. Alisema kwamba serikali imetia ukali, na kwamba msichana mmoja alitokwa na damu nusura afe. Akaniomba nimsaidie. Nikampa glavu, nyembe mpya zilizofungwa katika karatasi zake, na dawa ya kusafishia kidonda. Nikamfundisha kunawa mikono. Nilirudi Mombasa nikijipongeza kwamba nimewaokoa watoto na pepopunda. Sikufahamu kwamba miaka minne nyuma, katika Februari ya 1979, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeitisha mkutano Khartoum juu ya mila zinazodhuru afya ya wanawake na watoto, na shauri la kwamba jambo hili lifanywe kwa usafi lilipelekwa pale likakataliwa. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Wembe safi hukata kile kile ambacho wembe mchafu ungekata, na mkono wa mwuguzi hulipa jambo lile heshima lisilostahili. Ngariba yule aliwaambia akina mama, "Hata binti wa hospitali amekubali." Alisema kweli. Nilikuwa nimekubali.

Ni nani aliyenitoa usingizini? Ni wakimbizi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka wa 1991, mnakumbuka jinsi watu walivyoingia hapa kwa mashua, na kambi ya Utange ilivyojaa. Akina mama wale walipoletwa kujifungua, kwa mara ya kwanza niliona kazi ya kushona kwa macho yangu. Tulilazimika kuwafungua kwa makasi kabla mtoto hajatoka. Mmoja wao, mwenye umri wa mama yangu, aliniona nimesimama nikitetemeka, akaniambia kwa Kiswahili cha kukatakata kwamba huko kwao kuna mkunga asemaye jambo hili mbele ya watu wote. Akamtaja Edna. Kisha akaniuliza, "Na ninyi huku, ni nani asemaye?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Edna wakati huo alikuwa akilitumikia Shirika la Afya Duniani huko Djibouti. Alipostaafu mwaka wa 1997 angaliweza kupumzika mahali popote duniani. Aliuza mali yake, akachukua na kiinua mgongo chake, akarudi Hargeisa, mji uliobomolewa kwa mabomu mwaka wa 1988, akaomba kiwanja. Alipewa mahali palipotumika kutupia taka. Hapo akajenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa mwezi wa Machi 2002, akaanza kufundisha wakunga. Akaweka kanuni ambayo mimi kama mkunga naiona kubwa kuliko majengo: kila mwanamke ajaye kliniki ya wajawazito ataangaliwa na kuulizwa, na habari zake zitaandikwa. Alikatwa? Kwa namna gani? Alikuwa na umri gani? Daftari lile lilionyesha kwamba zaidi ya wanawake 95 katika kila 100 walikuwa wamekatwa. Hivyo jambo lililokuwa siri ya kila nyumba likawa hesabu ya mji mzima, na mtu hawezi tena kusema kwamba ni uzushi wa wageni.

Nisiwadanganye kwamba ameshinda. Wizara ya mambo ya dini ya Somaliland ilitoa fatwa mwezi wa Februari 2018 kukataza ule mtindo mkubwa wa kukata na kushona, lakini haikuikataza mitindo yote. Hesabu zilizotolewa mwaka wa 2020 zilionyesha kwamba wanawake karibu wote huko, kutoka umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekatwa. Kilichobadilika ni kwamba miongoni mwa wadogo kushonwa kumepungua. Ni tunda dogo kwa kazi iliyoanza mwaka wa 1976, na mtu mwenye kukata tamaa angaliiacha zamani. Yeye hakuiacha. Mwaka wa 2023, akiwa na umri wa miaka 85, alipewa Tuzo ya Templeton kwa kazi ya maisha yake.

Sasa nawarudisha nyumbani, maana najua liko neno katika mioyo ya wazee, nalo ni hili: mambo haya yaliletwa na Wazungu ili kuvunja mila zetu. Neno hilo si la kudharauliwa. Mwaka wa 1929 wamisheni walipowataka Wakikuyu waukane ukeketaji kwa kutia sahihi, shule na makanisa yaligawanyika, na watu waliona kwamba wale wale waliochukua ardhi sasa wataka na mabinti. Katika ugomvi ule mwili wa msichana ulikuwa kama kamba ivutwayo na pande mbili. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Na sisi Wameru tunayo habari yetu wenyewe, ambayo vijana wengi hawaijui. Mwezi wa Aprili 1956, siku za Hali ya Hatari, Njuri Ncheke walikutana wakapitisha kwa kauli moja kwamba ukeketaji umekatazwa Meru yote. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliolitangaza katazo hilo kwenye baraza la kwetu. Lakini akina nyanya, wenye baraza lao wenyewe lililoitwa kiama gia ntonye, ambalo ndilo lililoshika mambo ya wasichana tangu zamani, hawakushirikishwa. Wanaume waliamua jambo la wanawake, wakaenda zao. Wasichana wakajibu. Walinunua nyembe madukani wakaingia vichakani wakakatana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wasichana hao, mwaka wa 1957. Nilikuwa na miaka mitano, na nakumbuka alivyoletwa nyumbani akiegemea mabega ya wenzake wawili. Baba, aliyelisoma katazo, alitozwa faini kwa ajili ya binti yake. Alilipa bila kusema neno. Miaka minane baadaye zamu yangu ilipofika, hakusema neno pia.

Hapo ndipo ninapomkumbuka baba yake Edna. Baba yangu alikuwa na sheria, na baraza, na fimbo ya uzee. Kitu ambacho hakuwa nacho, ama alikuwa nacho akakificha, ni ile huzuni ya baba wa Hargeisa. Kama angaliniambia mara moja tu, faraghani, "Mwanangu, mimi sitaki ukatwe," nadhani ningalikimbia mwituni kuliko kumwendea ngariba. Sikumlaumu akiwa hai, wala simlaumu sasa. Alidhani si mambo ya wanaume.

Hata hivyo jambo hili linawezekana, na mfano hatuhitaji kuufuata mbali. Mwaka wa 1996 jirani zetu wa Tharaka, wakisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake, walianza sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa maneno. Wasichana waliwekwa faragha, wakafundishwa na mama zao yote ambayo nyanya walifundisha, juu ya heshima, na nyumba, na mwili wao. Kisha wakatoka wakashangiliwa na kupewa zawadi. Kilichoachwa ni wembe peke yake. Safari hii akina mama walikuwa ndani ya shauri tangu mwanzo.

Katika nchi yetu yote, mwaka wa 1998 wanawake 38 kati ya 100 walikuwa wamekatwa. Mwaka wa 2022 walikuwa 15. Sheria ya mwaka wa 2011 yakataza kabisa, na ridhaa ya msichana au ya wazazi wake haimwokoi mkosaji. Adhabu yake si chini ya kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi 200,000, na mtoto akifa, mkosaji aweza kufungwa maisha. Wachache wajua kwamba sheria hiyo yamgusa pia anayesaidia, anayempeleka msichana nje ya nchi akakatwe huko, anayejua asipige ripoti, na hata anayemtukana mwanamke kwa sababu hakukatwa. Matusi hayo, wazee wangu, nimeyasikia katika sherehe zetu hapa hapa mjini, yakiimbwa, na sisi tukicheka.

Nimesema "anayesaidia". Nawaomba mtazame tena ukurasa wa hesabu. Mwanachama akileta barua kwamba binti yake ana sherehe mwezi wa Desemba, nasi tukatoa fedha, tumefanya nini? Simtuhumu mtu. Yawezekana fedha zote zilizotolewa kwa mabinti zilikwenda kwa keki na soda. Lakini barua hazisemi, na Mweka Hazina hana namna ya kujua, na nyumbani ngariba hulipwa kwa fedha taslimu kama fundi mwingine yeyote. Mimi nilimpa ngariba nyembe. Sipendi Chama changu kimlipe ujira wake.

Wale wanaosema kwamba siku hizi hukatwa kidogo tu, tena na mwuguzi, nyumbani, pasipo ngoma, nawajibu kwa hesabu. Mwaka wa 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani juu ya wazazi zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, na Kenya ilikuwamo. Waliokatwa walipasuliwa zaidi wakati wa kuzaa, walitokwa na damu zaidi, na watoto wao walikufa zaidi. Na ilikadiriwa kwamba kwa ajili ya kovu hilo hupotea mtoto mmoja au wawili zaidi katika kila mia wanaozaliwa. Nimewashika watoto wa namna hiyo mikononi mwangu. Nimewafunga katika kanga za mama zao.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu, nami nimekwisha kuyaandika na kumkabidhi Bwana Katibu kama kanuni inavyotaka. La kwanza, kifungu cha sherehe za watoto kiandikwe upya, mchango wa tohara uwe wa wavulana peke yao, na kwa msichana fedha zile zile, bila kupunguzwa senti, zitolewe anapoingia shule ya sekondari. La pili, nafasi mbili katika Halmashauri zitengwe kwa akina mama, nao washirikishwe katika jambo hili kabla halijapigiwa kura, tusirudie kosa la 1956. La tatu si la kuandikwa katika kanuni, wala hapana atakayewakagua. Nawaomba akina baba wenye mabinti, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu na magari ya Meru hayajajaa, kila mmoja aketi na binti yake, amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hataki akatwe. Na amwambie mama ya mtoto pia, na amwandikie nyanya.

Dada yangu yuko hai. Nilimpigia simu wiki iliyopita nikamsomea hotuba hii, kwa kuwa nimemtaja. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama wanaume watakuwapo mkutanoni. Nikamwambia watakuwapo, tena watakuwa wengi. Akasema, "Basi isome."

Bwana Mwenyekiti, nimeisoma. Namwomba mwanachama yeyote aniunge mkono ili maombi haya yaingizwe katika shauri la leo.